Mikono Isiyojua Kungoja

1

Mtoto alikuwa amekwisha kulia, amekwisha kufutwa, amekwisha kulazwa kifuani pa mama yake, na Mwalimu Kordula Ndunguru alikuwa karibu kuandika "amefaulu", pale alipoiona mikono yake mwenyewe ikijiandaa kuua.

Si ile iliyoota mabegani mwake. Hiyo alikuwa ameifumbata mgongoni, kama inavyompasa msimamizi wa mtihani. Ni ile iliyovaliwa na Benigna Hyera, binti wa miaka ishirini na mbili kutoka Mitumba, aliyekuwa katika siku ya thelathini na nane ya kozi ya siku arobaini. Glavu zilikuwa nyeupe kama maziwa, zimefumwa kwa nyuzi zilizokaza na kulegea zenyewe juu ya kila kiungo cha kidole. Ndani yake mlikuwa na mwendo wa mikono ya Kordula, uliochotwa katika uzazi mia sita na kumi na mbili. Mwanafunzi hakuhitaji kujua mengi. Alilegeza vidole, akaiacha glavu imwongoze. Mabwenini walikuwa na msemo wao: "Leo nimevaa Mwalimu."

Na mpaka dakika hiyo Mwalimu alikuwa amevaliwa vizuri. Kichwa kilipokelewa kwa upole, mabega yakageuzwa, sindano ya kuzuia damu ikapigwa, kitovu kikakatwa. Kilichobaki ni kondo la nyuma. Hapo kila mkunga huweka kiganja juu ya tumbo la mzazi, akatulia, mpaka mfuko wa uzazi ukaze wenyewe na kondo libanduke. Ndipo huvuta taratibu, mkono wa pili ukiuzuia mfuko usifuate.

Mkono wa kulia wa Benigna ulikishika kipande cha kitovu kilichobaki kwa mzazi na kuanza kuvuta.

"Ngoja," Kordula akasema.

"Siwezi, Mwalimu. Inavuta yenyewe."

"Legeza."

"Nimelegeza. Ndiyo inavuta zaidi."

Kordula aliruka ndoo, akaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili. Hakutegemea ungekuwa na nguvu vile. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na mkono alioshindana nao ulikuwa wake wa miaka mitano nyuma, kabla ya baridi yabisi. Ulimshinda. Alinyakua mkasi kwenye sinia akazikata zile nyuzi kifundoni, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vya Benigna vikafunguka kama vya mtu aliyezimia.

Damu ilikuwa imeshaanza. Ilikuja bila kishindo, kama maji ya bomba lililosahauliwa. Kordula alivaa glavu za mpira, akasugua tumbo, akaagiza sindano ya pili, akasugua tena, midomo imekaza. Zilipita dakika tisa. Mfuko wa uzazi ulikaza chini ya kiganja chake ukawa mgumu kama ngumi, na kondo likatoka lenyewe, zima.

Mzazi, Skolastika Komba, alikuwa amepauka. Hata hivyo aliinua shingo. "Mwalimu, mnagombania nini huko chini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni mimi na mimi tumepishana kidogo."

"Basi malizaneni, nataka chai."

Benigna alikuwa ukutani, anatazama glavu iliyokatwa kama mtu anayetazama mguu wake uliovunjika. Kordula alivua aproni.

2

Mhandisi Yusto Haule alikuwa na ofisi katika kile kilichokuwa chumba cha mazoezi cha Chuo cha Ukunga Mkolola. Mahali palipokuwa na vitanda sita na midoli ya vitambaa, sasa palikuwa na makabati ya glavu. Kordula alikijua chumba kile kwa unyayo. Aliingia Mkolola mara ya kwanza akiwa mhudumu wa usafi, mwenye ndoo na tambara. Akasoma masomo ya jioni miaka minne, akafaulu biolojia akiwa na mtoto mgongoni, akaruhusiwa kuanza ile miaka mitatu ya ukunga. Siku hizo mlango ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwepo. Wahandisi walipomwomba arekodi mikono yake walimwambia glavu zitawasaidia wanafunzi wa miaka mitatu. Alipomaliza kurekodi, miaka mitatu ikafutwa, na masomo ya jioni yakafutwa nayo. Sheria mpya ikasema glavu zinatosha, ilimradi mwenye mikono aweke kiganja mbele ya watu na kushuhudia kwamba mikono ile ni yake. Kundi la kwanza lilikuwa na mabinti themanini na wanne, na ushuhuda ulikuwa Ijumaa.

"Nionyeshe uzazi wowote," alimwambia Haule. "Baada tu ya mtoto kutoka."

Haule alikuwa kijana mpole, mwenye haraka ya kusaidia. Alipapasa meza, na ukutani ikatokea mikono miwili ya mwanga, bila mwili, ikielea. Kordula aliitambua mara moja, hata kidole gumba kilichopinda. Mikono ilipokea, ikafuta, ikafunga kitovu, ikakata. Kisha ikavuta.

"Rudisha nyuma. Hapo. Kiko wapi kiganja changu?"

"Kiganja kipi, Mwalimu?"

"Niliweka kiganja tumboni nikangoja. Sijawahi kuvuta bila kungoja tangu nizaliwe."

"Aa." Haule alitabasamu, akidhani ameelewa. "Huo ni muda mfu. Tuliuondoa."

"Mfu?"

"Muda ambao mikono haifanyi kazi. Glavu inasoma mwendo. Pasipo na mwendo hakuna cha kusoma, ni nafasi tu inaliwa. Rekodi yako ilikuwa saa elfu nne na ushee, Mwalimu. Tulipoondoa muda mfu zilibaki mia tisa. Ndiyo siri ya siku arobaini." Akacheka kidogo. "Halafu kulikuwa na maharage. Saa mia nne unachambua maharage. Wenzangu walidhani glavu imeharibika."

Kordula alivuta kiti akaketi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Mwanamke akianza uchungu, kijana wangu, saa za mwanzo hazimhitaji mtu. Zinahitaji mtu awepo. Mwanafunzi asiye na kitu mkononi hawezi kuwepo tu. Atampima kila baada ya dakika tano. Atamwambia asukume wakati si wa kusukuma. Atapasua chupa ya maji ya uzazi kwa sababu mikono inamwasha. Kwa hiyo hapa Mkolola kila wa mwaka wa kwanza alipewa ungo wa maharage, akakaa miguuni pa kitanda. Macho kwa mama, masikio kwa mama, vidole kwenye maharage. Miezi sita. Hatukula maharage yenye mawe, na hatukupasua chupa ya mtu kabla ya saa yake."

Haule alikuwa ameacha kucheka.

"Yarudishe," Kordula akasema. "Na kiganja changu kirudi mahali pake."

"Nikirudisha, glavu itangoja sekunde zilezile ulizomngojea mama yule wa siku ile."

"Wa leo si yule."

"Ndiyo tatizo. Glavu inajua ulichofanya. Ulichokisikia kwenye tumbo haikijui. Hatukuweka kitu cha kusikia, maana hakuna aliyetuambia kuna kitu cha kusikia."

"Kuna mtu aliniuliza?"

Haule aliitazama mikono ya mwanga, ambayo ilikuwa imefika mwisho na kuanza upya. "Hapana, Mwalimu," alisema. "Hatukukuuliza."

3

Mkurugenzi wa Kozi za Haraka, Bwana Gervas Mapunda, alimsikiliza amesimama, maana alikuwa anasimamia upangaji wa viti vya Ijumaa.

"Ajali moja," alisema.

"Ningekuwa sipo ungeiita maiti moja."

"Mwalimu Kordula, tusikasirikiane. Wilaya hii ina zahanati arobaini na moja zenye kufuli. Zina dawa, zina umeme, droni inashusha damu kila Jumanne. Hakuna mtu ndani. Huko hakuna anayevuta wala anayengoja. Mabinti hawa wakifika, watakaookoka ni wengi kuliko watakaoharibikiwa. Nina takwimu."

"Umewahesabu kabla hawajafa? Hodari wewe."

"Unataka nini?"

"Miezi tisa. Wavue glavu, niwafundishe."

"Chuo kimefutwa. Hakuna chuo, hakuna kozi ya miezi tisa, hakuna cheti cha kozi hiyo. Ni siku arobaini au kufuli. Wewe ni mtu mzima, unajua mvumilivu hula mbivu. Weka kiganja Ijumaa, mwakani tutarekebisha glavu."

Kordula alikisogeza kiti kilichokuwa katikati yao. "Gervas. Unajua nani alikupokea?"

Mapunda alishusha macho. Mkolola yote ilijua.

"Ulikaa vibaya. Daktari alikuwa safarini. Mama yako alining'ang'ania mkono saa kumi na tisa, na kwa saa kumi na saba kati ya hizo sikufanya kitu chochote. Nilikaa, nikasikiliza moyo wako, nikachambua maharage. Ungegeuka mwenyewe au usingegeuka. Ukageuka. Sasa umekuwa mkubwa, umevaa tai, unaniambia zile saa kumi na saba zilikuwa mfu."

"Sikusema mimi. Ni lugha ya wahandisi."

"Umeisaini," alisema, akaondoka kabla hajaokota kiti cha kumrushia.

Nje, kwenye karo la kufulia, alimkuta Benigna akisuuza mashuka ya Skolastika. Mikono ya binti ilikuwa wazi, imechubuka kwa sabuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hukutakiwa kufua, kuna mashine."

"Nilitaka kufanya kitu." Alikamua shuka. "Wanasema hutaweka kiganja."

"Wanaosema wana mbio kuliko mimi. Sijaamua."

"Basi nisikie kabla hujaamua." Benigna hakuinua sauti. "Mimi ni mtoto wa kwanza wa mama yangu. Kumzaa wa pili kulimuua. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimeshika taa mlangoni pa zahanati ya Mitumba, tunagonga. Tuligonga mpaka bibi akasema basi, acheni kugonga. Mwalimu, angetoka mtu mle ndani, hata wa siku arobaini, hata wa siku nne, hata mwenye mkono unaovuta, ningembusu miguu."

"Angemvuta mama yako."

"Pengine. Pengine asingemvuta. Lakini mlango ungefunguka." Alitundika shuka kwenye kamba, akalinyoosha kwa uangalifu. "Wewe ulisomeshwa miaka mitatu. Sisi tumekuja tumekuta miaka imekwisha. Si sisi tulioimaliza. Ukikataa Ijumaa hutamkomoa Mapunda. Yeye ana gari, ataondoka. Utatukomoa sisi, na utamkomoa mwanamke wa Mitumba anayegonga."

Kordula alikuwa na hasira tu, na hasira haipokei mtoto. Alimsaidia kutundika shuka la pili.

"Leo," aliuliza, "mkono ulipokuwa unavuta, wewe ulisikia nini?"

Benigna alifikiri. "Nilisikia tumbo bado laini. Kiganja cha kushoto kilikuwa kinagusa. Nilijua si sawa."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini nilidhani Mwalimu anajua zaidi."

4

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mabinti themanini na wanne walikaa mbele, sare za samawati, glavu zimevaliwa, viganja magotini kama walivyoelekezwa. Nyuma walikaa wazazi, wengine wametoka milimani tangu juzi. Jukwaani palikuwa na kisomaji cha kiganja, kibao cha kioo juu ya mguu wa chuma, chenye duara la kijani la kukubali na jekundu la kukataa. Hakuna aliyetegemea jekundu lingetumika. Mtu alikuwa ameweka shada la maua juu yake.

Mapunda alisoma maneno ya sheria, kisha akamwachia kipaza sauti mwenye mikono.

Kordula alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa mbili. Aliiacha kwenye mkoba. Aliwatazama mabinti, na kilichomchoma ni zile glavu, jozi themanini na nne, zimetulia magotini kwa utulivu ambao hazikufundishwa. Zilitulia kwa kuwa hazijawashwa tu.

"Hapa naulizwa kama mikono hii ni yangu," alisema. "Nusu yake ni yangu. Ile nusu inayofanya. Nusu inayojizuia wameitupa, bila kuniuliza, kwa kuwa hawakuiona ikifanya kazi. Mkunga ni ile nusu waliyoitupa. Nyingine hata koleo ingeweza."

Mapunda alinyoosha mkono kutaka kipaza sauti, naye hakukiachia.

"Juzi mwanafunzi wangu alijua jambo sahihi kwa kiganja chake mwenyewe, akaacha kulifuata kwa sababu alikuwa amenivaa. Hilo siwezi kulishuhudia. Najua zahanati zina kufuli. Najua ninachofanya. Mwanamke atagonga mlango na mimi nitakuwa nimeufunga, na nitaulizwa, na sitakuwa na jibu zuri. Lakini sitampelekea mtu anayevuta, nikamwambia ni mkunga, nikaweka jina langu juu."

Aliondoa shada la maua, akaliweka chini taratibu, akabonyeza kiganja kwenye duara jekundu.

Glavu zilipoteza rangi zote kwa pamoja. Weupe uligeuka kijivu, nyuzi zikalegea, vidole vikaning'inia. Binti mmoja wa mstari wa mbele alianza kulia. Kutoka nyuma mzee mmoja alisema, bila kupaza, "Mchawi huyu." Hakuna aliyempinga.

"Jumatatu," Kordula akasema, "saa moja asubuhi, leba. Anayetaka kusoma aje na mikono yake na maharage."

"Mwalimu," Mapunda alisema karibu na sikio lake, "hiyo haina cheti."

"Haina," Kordula akakubali.

5

Jumatatu walikuja kumi na mmoja. Wiki ya pili walibaki saba. Barua ilikuja kumwuliza Mwalimu Ndunguru anafundisha kwa idhini ya nani, naye akajibu kwa mwandiko wake mzuri wa masomo ya jioni kwamba hafundishi, anachambua maharage, na kama kuna sheria inayokataza aonyeshwe kifungu. Haule alikuja mara mbili na kitabu cha kuandikia, akakaa kwenye benchi la nje, akauliza maswali aliyotakiwa kuyauliza miaka mitano nyuma. Benigna hakuonekana.

Alionekana Alhamisi ya wiki ya tatu, viatu vimejaa tope jekundu. Ndani, Skola mdogo, kama walivyokuwa wakimwita binti wa shangazi wa yule Skolastika wa siku ya mtihani, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na uzazi ulikuwa umekaribia. Benigna alisimama mlangoni.

"Sikuja kukuamkia," alisema.

"Ingia usiniamkie."

"Jumanne amekufa mtu kwetu. Anaitwa Anastela. Walimtoa Mitumba kwa machela, zahanati imefungwa, wakawa wanamleta huku. Wamefika naye mpaka daraja la mbao." Alisema kama anasoma orodha. "Nilikuwa nimeshika upande mmoja wa machela. Nilitaka ulijue jina."

Kordula alikuwa ameinamia beseni ananawa. Maji yaliendelea kumwagika juu ya viganja vyake.

"Anastela nani?"

"Anastela Kapinga. Alikuwa ananizidi mwaka mmoja."

"Mtoto?"

"Yupo kwa bibi yake."

Kordula alifunga bomba. Angeweza kusema kwamba kufuli lile hakulitia yeye, na ingekuwa kweli. Alilimeza neno hilo. "Nimelisikia jina," alisema. "Sitalisahau."

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba. Nawa mikono."

Benigna alivua viatu vya tope, akanawa mpaka kwenye viwiko kama alivyofundishwa, akavaa glavu za mpira, za kawaida, zisizojua chochote.

Mtoto alitoka kwa msukumo wa nne, wa kike, mwenye hasira. Alilazwa kifuani pa mama yake. Sindano ikapigwa, kitovu kikakatwa. Benigna aliweka kiganja cha kushoto tumboni, na mkono wa kulia ukashika kitovu, ukakaa.

Wanafunzi wengine saba waliacha maharage.

Dakika moja ilipita. Jasho lilikuwa likimtoka Benigna kwenye paji la uso, na mkono wa kulia ulianza kutetemeka kidogo, kama ng'ombe anayeijua njia na amezuiwa asiifuate. Siku thelathini na nane zilikuwa bado zimo ndani yake. Aliinua macho.

"Sasa, Mwalimu?"

Kordula alikuwa ameifumbata mikono mgongoni, imekazwa mpaka inauma. Kutoka pale aliposimama hakuweza kujua. Hakuna aliyeweza kujua chumbani mle isipokuwa mmoja.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Kiganja kiko kwako."

Benigna alishusha macho tena. Alifumba jicho moja, kama mtu anayesikiliza jirani kupitia ukuta. Nje mtu alipita na toroli. Mtoto alinyamaza, akaanza kunyonya.

"Bado," Benigna akasema, na mkono wa kulia ukaacha kutetemeka.